Kumkosa Mwenye Nyumba

Mshona mapazia alizijua nyumba za watu kuliko dalali yeyote, maana dalali huishia sebuleni, lakini yeye aliingia na futikamba yake mpaka chumbani. Na kwa miaka yote ya kazi hiyo alikuwa na aina moja ya wateja aliowacheka kimoyomoyo, pini zikiwa mdomoni. Ni wale wanaonunua nyumba leo, wanashonesha mapazia ya kufa mtu, halafu kabla vumbi halijakaa kwenye pindo wanarudi na mapazia yaleyale wakitaka yapunguzwe. Wameuza, wamehama. Ukiwauliza kulikoni, huyu atakwambia jua la asubuhi linamchoma usoni, yule ngazi zimemshinda magoti, mwingine mbwa wa jirani. Bwana mmoja mzima na suti yake alisema nyumba ilikuwa kubwa mno, mkewe akimwita kutoka jikoni hasikii, na alipoanza kusikia akagundua hataki kusikia. Mshona mapazia akapunguza mapindo, akasema pole. Moyoni akasema, shibe hiyo.

Yeye na mumewe, fundi saa, hawakuwa na shibe hiyo. Walikuwa wapangaji tangu ujana wao, tena wapangaji wa mtu mmoja, mzee ambaye ua mzima ulimwita Haiwezekani. Jina hilo hakusingiziwa. Ulikuwa ukifungua kinywa tu useme, Mzee, naomba, naye ashasema haiwezekani, hujafika hata kwenye bomba wala kitasa. Kufuga kuku, haiwezekani. Kufunga antena, haiwezekani. Na kupigilia msumari ukutani ndiyo ilikuwa haiwezekani kubwa kuliko zote, maana kuta zile alizipiga lipu kwa mikono yake mwenyewe, ukizigusa umemgusa yeye. Kwa hiyo picha ya harusi ya watu hawa wawili ilikaa sakafuni, imeegemea ukuta, upande wa kitanda anakolala mke. Ndiko fundi saa alikoiweka wiki ya harusi na ndiko ilikobaki, mpaka binti yao akazaliwa, akatambaa, akaing'ata fremu, akakua, akaolewa, akaenda zake.

Lakini jioni sasa, wacha kabisa. Fundi saa akirudi kazini, akishanawa, mkewe akishamimina chai, walikaa kizingitini bega kwa bega na kuanza.

"Umemsikia leo?"

"Nimemsikia."

Basi, chai ipoe tu. Walimsema Haiwezekani kuanzia kofia mpaka kandambili. Fundi saa, mtu ambaye mchana kutwa husemezana na saa za watu kwa kunong'ona, alikuwa akisimama na kumwigiza mzee yule, mkono kiunoni, shingo upande, na mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. Hata kuoana kwao kulitoka hukohuko. Walikuwa wapangaji wa vyumba viwili tofauti, wakaenda siku moja kulalamikia bomba moja, wakajibiwa neno moja, wakatoka wamefura, na walipofika getini wakawa wanacheka.

Wakajinyima, wakajibana, wakanunua nyumba. Vyumba vitatu, baraza, jiko lenye dirisha lake. Waliikagua wenyewe, hawakutaka kuibiwa. Mshona mapazia alipima madirisha yote na kuyakuta yamenyooka. Fundi saa alivaa kile kioo chake cha jichoni, akainamia bawaba moja baada ya nyingine, vitasa na komeo, akasema hajaona kazi safi namna ile. Ni kweli ilikuwa safi. Ila mtu aliyezoea kutazama kitu kikiwa kwenye kiganja, juu hatazami, na bati la nyumba liko juu.

Siku ya kuhama, Mzee Haiwezekani alisimama getini akitazama vyombo vikipakiwa. Aliuliza kama wanahama kweli, wakamjibu kweli, Mzee, wakasubiri lile neno. Hakulisema. Aliinua tu ncha ya godoro lao ili lisiburuzwe chini, wao wakaona maajabu, na njiani wakalicheka jambo hilo mpaka wakafika.

Kazi ya kwanza ikawa picha. Fundi saa alinunua nyundo, ya kwanza maishani mwake, kwani nyundo zake za kazini zinatosha kuulia mbu. Akaweka msumari kwenye ukuta wa sebule, akainua mkono, akaushusha. Akageuka jasho likimtoka.

"Tumuulize nani?" akasema.

Mkewe alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamwambia hakuna wa kuulizwa, baba watoto, nyumba ni yetu, piga. Akapiga. Lipu ikabanduka kipande cha ukubwa wa sahani, msumari ukapinda, picha ikaning'inia upande kama mtu mwenye jino bovu. Wakaitazama. Kule kwa mzee jioni ingeanzia hapo hapo: lipu gani hii, mchanga mtupu, jizi kubwa lile. Sasa kila mmoja alifungua kinywa akakosa wa kumtaja.

"Umepiga vibaya," akasema mshona mapazia.

Neno dogo. Lakini hakuwahi kumlaumu mumewe hata siku moja, hakuwa na sababu, lawama zote zilikuwa na mwenyewe. Wote wawili wakalisikia, na jioni ile chai ilinywewa ikiwa moto.

Ikanyesha mvua, bati likavuja, tena juu ya kitanda. Uvujaji ulipokuwa wa Haiwezekani ulikuwa sherehe: unasukuma kitanda, unakinga beseni, na kila tone likidondoka unampatia mzee lake. Hapa walisimama na beseni lao wakitazamana. Mke akasema, si wewe uliyekagua na kioo. Mume akasema, na wewe si ulikuwa unapima madirisha, dirisha linavuja? Wakaendelea hivyo mpaka mvua ikaanuka wao hawajaanuka.

Halafu vile vyumba. Nyumba ya kupanga ilikuwa na chumba kimoja cha kulala, ukinuna unanuna mgongo wako umegusana na wa mwenzako, na kununa kwa namna hiyo hakufiki mbali. Hapa kulikuwa na vyumba vya kununia. Fundi saa akachukua cha nyuma na mto wake. Akanunua kufuli, akafunga funguo zote kwenye pete moja, akaitundika kiunoni, ikawa anatembea nyumbani analia kama ng'ombe mwenye njuga. Anagusa kuta. Anakagua komeo zilizokaguliwa jana. Siku moja mkewe akamwambia anataka kuhamishia cherehani barazani, kwenye mwanga.

"Haiwezekani," akasema fundi saa.

Mkono kiunoni, shingo upande. Tena safari hii hakuwa anamwigiza mtu. Alijishika mdomo mwenyewe, macho yakamtoka, lakini lilikuwa limeshatoka. Mkewe naye hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Kesho yake fundi saa alipotaka kutandaza saa zake kwenye meza ya sebuleni aliambiwa haiwezekani. Kutundika shati kwenye mlango, haiwezekani. Kuingia jikoni bila hodi, haiwezekani kabisa. Mwisho wa yote ikawa nyumba ina wenye nyumba wawili na mpangaji hakuna. Walikuwa wakikutana kwenye ukumbi wanasimama, kila mmoja akingoja mwenzake aombe kitu ili amnyime.

Dada wa mshona mapazia alikuja kuisifu nyumba, akakaa nusu saa, akaondoka akimwambia mdogo wake kwamba kwake kuna kitanda. Hapo ndipo maji yalipomfika mshona mapazia shingoni. Alianza kukunja nguo zake, akafika kwenye kitenge cha tatu, akaketi chini. Aliogopa. Kuachana kulimwogopesha, ndiyo, lakini kuna jambo lilimwogopesha zaidi: kwamba huenda miaka yote ile yeye na mume wake hawakupendana hata kidogo, walikuwa tu wanamchukia mtu mmoja. Alimtaka mume wake wa kizingitini, yule wa kumfanya ashike mbavu, na hakujua amfuate wapi. Akavaa viatu akaenda kwa Mzee Haiwezekani.

Alimkuta kwenye kiti chake uani, amepungua. Akamwamkia, mzee akaitikia, akamwambia akae, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kisha bila kuulizwa akaanza kulia shida zake. Wapangaji wapya walikuwa vijana wawili, wapole, wasafi, na hawaombi kitu. Bomba limeharibika, wamenunua jipya wamefunga wenyewe. Dari limetoboka, wameziba. Wakipita wanamwamkia na kucheka.

"Mwanangu, tangu mhame sijalisema lile neno," mzee akasema. "Nakaa hapa tangu asubuhi nimelishika mdomoni."

Mshona mapazia akamweleza yake, yote, mpaka chumba cha nyuma na funguo. Akamwomba awe anapita nyumbani kwao mara mojamoja, kama msaada tu, awakataze kitu. Chochote. Mzee alifikiri sana, uso ukamchangamka kidogo, kisha akatikisa kichwa.

"Haiwezekani," akasema, na ilionekana jinsi lilivyompa raha kulitamka. "Siwezi kumkataza mtu ndani ya nyumba yake. Nina heshima zangu. Labda niinunue."

Fundi saa alipopelekewa habari hizo alikuwa amesimama ukumbini na funguo zake. Mkewe alitegemea matusi. Badala yake mtu yule alifungua pete kiunoni, akaiweka mezani kwa uangalifu kama anavyoweka saa ya mteja, na mabega yake yakashuka. Alisema hajalala vizuri tangu wahamie. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama mzee angeudhika sana akiona ule ukuta.

Dalali aliyewauzia ndiye aliyeitwa kuuza. Alikuja amejaa maswali. Watu wananunua leo wanauza kesho, kuna nini, majirani? Akasogea akanong'ona, kuna vitu vinatembea usiku? Na hawa wanauza na bado wanabaki humohumo kama wapangaji, kwa mwenye nyumba waliyemkimbia, jambo ambalo hajaliona tangu aanze kazi. Mshona mapazia alikuwa anapunguza pindo la pazia la mteja, pini mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Jua la asubuhi," akamwambia. "Linatuchoma usoni."

Dalali akasema pole, na mshona mapazia alimtazama usoni akajua kabisa anachosema moyoni.

Mzee Haiwezekani alikuja siku iliyofuata malipo, kofia imefuliwa, akiwa mwenye nyumba. Hakuvua kandambili. Akapita chumba hadi chumba mikono nyuma, nao wakimfuata kama watoto walioitwa na mwalimu mkuu, mpaka akafika sebuleni akaiona picha imening'inia upande, na chini yake lile jeraha la ukuta. Alilitazama kwa muda mrefu. Akasema msumari huo utoke, na wa pili asiuone.

Fundi saa aliung'oa. Akaifuta picha kwa mkono wa shati, akaipeleka chumbani, siyo kile cha nyuma, akaishusha sakafuni na kuiegemeza ukutani. Hakuuliza aiweke wapi. Akaisogeza kidogo kushoto, akarudi nyuma, akaisogeza tena, mpaka ikawa anayelala upande ule wa kitanda akifumbua macho ndiyo anayoiona kwanza. Mkewe alikuwa mlangoni. Alikumbuka kwamba Haiwezekani alikataza msumari tu, pa kuiweka hakupasema, na kwamba hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumwelekeza mume wake upande wa kuigeuzia.

Likabaki bati. Walimngojea mzee chumbani, wakasimama bega kwa bega, na fundi saa akasema, Mzee, tunaomba. Safari hii akaachwa aseme mpaka mwisho. Mzee akatazama juu, kwenye doa la maji. Akawatazama wao, mmoja baada ya mwingine, kisha akatazama pale mabega yao yalipogusana, na uso wake ukalegea. Alikuwa mtu mzee, alikuwa amewakosa, na mtu yeyote angeona kwamba anataka kuwafanyia jema. Akafungua kinywa. Mshona mapazia akahisi mkono wa mume wake umeushika wake, umeubana mpaka unauma, nao ni wa baridi. Mzee akaliona hilo nalo.

"Haiwezekani," akasema, na akaondoka haraka bila kuaga, akijifuta macho kwa kofia.

Jioni ikaanza kunyesha. Mshona mapazia alikinga beseni, akamimina chai, akakuta kizingiti cha nyumba hii ni kifupi kuliko cha kule, watu wawili wanaenea kwa kubanana. Fundi saa alikuwa ameshakaa, amemwachia nafasi yake.

"Umemsikia leo?" akauliza.

"Nimemsikia," akasema mkewe, akasogea. Fundi saa akainuka, akaweka mkono kiunoni, akalaza shingo upande, na nyuma yao beseni likaanza kujaa.