Mama Elinipa Ni Nani

Barua kutoka uhamiaji wa Kanada ilikuwa fupi na haikuwa na ukali. Ilisema kwamba Sifaeli Nnko ameomba kibali cha kazi cha wazi, yaani kisichomfunga kwa mwajiri mmoja, kwa sababu mke wake, Tabitha, anasoma shahada ya uzamivu nchini humo. Katika maombi hayo ametaja mke mmoja, Tabitha, na mtoto mmoja, Brenda, ambaye anataka kusafiri naye. Lakini katika ujumbe wa simu alioambatanisha kuthibitisha ndoa yake, mwanamke anayeandikiana naye anaitwa kila mara mama yake Elinipa. Elinipa ni nani? Na mama yake ni nani? Mwombaji alipewa mwezi mmoja kueleza. Ikibainika kwamba ameficha mke au mtoto, atakataliwa, na hataruhusiwa kuomba tena kwa miaka mitano.

Sifaeli alikuwa mpima ardhi. Kazi hiyo ilikuwa imemzoesha kwamba mipaka ya viwanja viwili isipokutana, kosa limo katika kipimo, si katika ardhi. Aliisoma barua mara ya pili na akaona kosa lilipo. Hakuna mtu aliyekuwa amesema uongo.

Kwao, kwenye miteremko ya Meru, binti wa kwanza wa mtoto wa kiume huchukua jina la bibi mzaa baba. Hospitalini Tabitha alichagua Brenda, na Brenda likaandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa na baadaye kwenye cheti cha ubatizo. Nyumbani mtoto aliitwa Elinipa, jina la mama yake Sifaeli. Halikuandikwa popote kwa kuwa hapakuwa na haja: kila aliyehusika alilijua. Tangu siku hiyo mume na mke waliacha kuitana kwa majina yao. Sifaeli alikuwa Baba Elinipa, na Tabitha alikuwa Mama Elinipa. Miaka minne ya ndoa yao ilikuwa imeandikwa hivyo kwenye simu: Mama Elinipa, ng'ombe wa bibi amezaa ndama jike. Baba Elinipa, huku theluji imefika magotini, mtoto amepona kikohozi?

Tafsiri ya Kiingereza ilifanywa na Godwin, wakala wa maombi ya viza mwenye ofisi ya chumba kimoja mtaa wa Kijenge, jirani na alipopanga Sifaeli. Godwin alitafsiri neno kwa neno.

"Kaka, usiogope," Godwin alisema alipoonyeshwa barua. "Hii tunaimaliza leo. Tunawaambia Elinipa ni utani. Jina la kuchekeshana, mke na mume. Halafu tunawatumia ujumbe mwingine, mtamu."

"Upi?"

"Si tunautengeneza? 'Mpenzi wangu, usingizi hauji bila wewe.' Wenzako wote wanatuma hivyo. Wewe umewapelekea Wazungu habari za ndama!"

"Ndama alizaliwa kweli."

"Ndiyo maana umekwama, kaka."

Sifaeli aliichukua barua yake akatoka. Jioni alimpigia Tabitha na kumweleza yote, pamoja na ushauri wa Godwin. Tabitha alikuwa mkufunzi wa misitu kule chuoni Olmotonyi kabla ya kupata ufadhili wa masomo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Baba Elinipa, usiandike uongo," alisema. "Na siku ukiniandikia usingizi hauji, nitajua simu imeibwa."

"Basi nani atathibitisha? Jina haliko kwenye karatasi yoyote."

"Liko kwa mwenyewe."

Hilo Sifaeli alikuwa ameshaliwaza, na ndilo lililomsumbua. Mwenye jina alikuwa mama yake, na mama yake hakutaka safari hiyo.

Jumamosi alimwacha mtoto kwa jirani, akapanda hadi kwa mama yake, kijijini juu ya Kikatiti. Alimkuta jikoni akimenya ndizi, kisu kikienda bila yeye kukitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado hujaolewa?"

Ndivyo alivyomsalimu tangu aliposikia kwamba mwanawe atamfuata mke ughaibuni. Katika ukoo wao mwanamume huoa, na mwanamke ndiye anayehama. Sifaeli alikaa kwenye kigoda, akamtafsiria barua sentensi kwa sentensi, bila kuongeza wala kupunguza.

"Kwa hiyo Mzungu anauliza Elinipa ni nani," mama alisema.

"Ndiyo."

"Nawe umemjibu nini?"

"Bado sijajibu. Nimekuja kwako. Inatakiwa hati ya kiapo, uape mbele ya wakili kwamba mtoto anaitwa jina lako."

Mama alitupa ganda kwenye ndoo. "Nikiapa, mnaondoka. Wewe na mtoto."

"Tukikubaliwa, ndiyo."

"Nisipoapa?"

"Nitaeleza mwenyewe. Wanaweza wasiniamini, maana mimi ndiye ninayeomba."

"Kumbe mnataka nishike jembe, nichimbe mwenyewe mpaka wa kuligawa shamba langu." Alichukua ndizi nyingine. "Huyo wakala wako unayemlipa amesemaje?"

"Amesema tuandike kwamba Elinipa ni utani."

Kisu kilisimama.

"Utani gani?"

"Jina la kuchekeshana. La mke na mume."

"Mimi?" Mama aliinuka, na maganda yaliyokuwa mapajani yakaanguka. "Mimi ni jina la kuchekeshana? Nimezaa saba kwa jina hili. Nimezika mume kwa jina hili. Kahawa yangu imepokelewa kwenye chama cha ushirika kwa jina hili, daraja la kwanza, kabla huyo wakala wako hajajua kujifuta pua. Leo niende Kanada kama kichekesho?"

"Sijaandika hivyo, mama."

"Usiandike! Huyo wakili anafungua ofisi lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwa mjini. Na usijidanganye, Sifaeli. Kibali ni shughuli yako na mkeo. Mimi nakwenda kwa ajili ya jina langu."

Jumatatu alifika akiwa amevaa gauni lake la Kwaya ya Akina Mama na viatu vya ngozi. Wakili aliitwa Swabaha, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili karibu na soko kuu. Alimwamkia mama, akampa kiti kilichokuwa karibu na meza, kisha akasoma rasimu aliyoiandaa kutokana na maelezo ya Sifaeli.

"'Mimi, Elinipa Nnko, mtu mzima, Mkristo, mkulima, naapa na kueleza kwamba mtoto Brenda alipewa jina langu—'"

"Hapo futa," mama alisema.

"Pana kosa, mama?"

"Kitu ukikitoa, unabaki huna. Mimi jina langu ninalo. Andika: anaitwa Elinipa, kama mimi."

"Kisheria hakuna tofauti kubwa."

"Anayeapa ni mimi au ni sheria?"

Swabaha aliinama juu ya kompyuta, akabadilisha. Sifaeli aliona kwamba anazuia tabasamu.

"Sasa kuna jambo moja," wakili alisema. "Hii inaeleza kwamba Brenda ndiye Elinipa. Haiondoi shaka yao nyingine, kwamba pengine yuko Elinipa wa pili, kwa mwanamke mwingine. Samahani, mama, lakini wao hawamjui mwanao. Naweza kuandika kwamba wewe huna habari ya mtoto mwingine. Zaidi ya hapo siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu mzazi hawezi kujua kila kitu cha mtoto wake wa kiume."

"Hilo ni kweli," mama alisema. "Wanaume ni wanaume. Lakini nisikilize, mwanangu. Binti wa kwanza wa Sifaeli, popote atakapozaliwa, kwa mwanamke yeyote yule, ni Elinipa. Hilo halina mjadala. Sivyo?"

"Ndivyo nilivyoelewa."

"Na wa pili ni jina la bibi yake mzaa mama. Basi kama angekuwa na binti mwingine kabla ya huyu, huyo ndiye angekuwa Elinipa, na huyu wa Tabitha tungemwita jina la mama yake Tabitha. Na kama angemzaa mwingine baada ya huyu, huyo hangekuwa Elinipa, maana jina limeshakaliwa. Hapawezi kuwa na wawili. Anayemwita mkewe Mama Elinipa ana mke mmoja tu wa kumwita hivyo."

Swabaha aliacha kuandika, akamgeukia Sifaeli.

"Ni sahihi?"

"Ni sahihi," alisema Sifaeli. Alikuwa amezunguka jambo hilo wiki nzima akitafuta vyeti, na hakuwahi kuliona kutoka upande huo. Alijisikia kama mtu anayeonyeshwa jiwe la mpaka katikati ya shamba alilolilima tangu utotoni. Alimtazama mama yake, aliyekuwa akinyoosha kola ya gauni, na akaona fahari ambayo hakujua aiweke wapi usoni.

"Naiandika kama ulivyoisema," wakili alisema. "Hoja ya namna hii siwezi kuitunga."

Mama aliapa akiwa amesimama, Biblia mkononi. Aliletewa kidau cha wino wa kidole gumba, akakisukuma kando na kuomba kalamu. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, bila haraka, nalo likapita mwisho wa mstari aliowekewa.

Sifaeli aliambatanisha kiapo hicho, tafsiri mpya kutoka kwa mtafsiri aliyesajiliwa na mahakama, na maelezo yake mwenyewe ya ukurasa mmoja kuhusu jinsi mume na mke wanavyoitana kwao. Ujumbe wa ndama aliuacha ulivyokuwa.

Jibu lilikuja msimu wa kuchuma kahawa. Kibali kilikubaliwa, na viza ya mtoto pia. Hakupiga simu. Alimchukua binti yake, akapanda naye hadi shambani, ambako mama alikuwa amefunga kapu kiunoni.

"Wamekubali," alisema.

Mama aliendelea kuchuma mpaka tawi likaisha.

"Waliamini maneno yangu?"

"Waliyaamini."

"Vizuri," alisema, akamwinua mjukuu wake na kumkalisha begani, ingawa alikuwa mzito kwa mtu wa umri wake. Alisimama naye hivyo, amempa mwanawe mgongo. Sifaeli hakuzunguka kumtazama uso.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, mama alileta kanisani mkungu wa ndizi kuwa sadaka ya shukrani. Baada ya ibada sadaka za shambani zilipangwa uwanjani kwa mnada, na mzee wa kanisa akaunyanyua mkungu ule kwa shida.

"Huu umetolewa na nani?"

"Elinipa!" mtoto alijibu kwa sauti kabla ya mtu mwingine, na watu wakacheka.

"Haya, mkungu wa Elinipa," mzee alisema, na akataja bei ya kuanzia.

Mama aliinuka kutoka benchi la pembeni mwa uwanja.

"Mzee, utazame tena kwanza," alisema. "Huo hauanzii hapo."