Droo Inayobana

Kitu kilichomchefua Fundi kuliko vyote ni lile swali. "Na wewe unapata nini pale?" Shemeji yake aliliuliza kila Jumamosi asubuhi, miguu juu ya meza, Fundi akiwa anavaa viatu aende kituo cha vijana kufundisha useremala wa bure. Akijibu kwamba anapata raha ya moyo, shemeji anacheka mpaka anakohoa. Basi akaacha kujibu. Anachukua boksi lake la vifaa, anabamiza mlango, na huyo anakwenda zake akisonya njia nzima.

Na raha yenyewe, tuseme ukweli, alikuwa haioni sana. Vijana wa kituoni walikuwa na hasira na kila mtu, yeye akiwemo. Mkali wao alikuwa binti mmoja waliyemwita Patasi, kwa makali ya ulimi wake. Alilelewa kwenye makao ya yatima, na akitimiza miaka kumi na minane ilikuwa atoke, aende anakojua mwenyewe. Siku ya kwanza alimwambia Fundi, "Usinionee huruma, nifundishe." Fundi akapandwa na mori, akamwambia ashike msumeno aache mdomo. Tangu hapo wakawa wanagombana kila Jumamosi, na kila Jumamosi binti alikuwa wa kwanza kufika.

Sasa, palikuwa na mama mmoja mwenye karakana kubwa ya samani, watu wakimwita Mama Samani. Alikuwa na nafasi ya mwanagenzi mmoja: kazi, na chumba cha kulala nyuma ya karakana. Fundi akamwombea binti nafasi ile mpaka sauti ikamkauka. Sharti lilikuwa moja tu, binti alete kabati dogo la kando ya kitanda, lenye droo, alilolitengeneza peke yake. Akikubaliwa, ana kazi na pa kulala. Akikataliwa, mwezi ujao yuko barabarani.

Patasi akalitengeneza. Fundi alikatazwa hata kusogea. "Kaa kule na miwani yako," aliambiwa, akakaa kule anatafuna midomo. Kabati likasimama, jamani, limenyooka! Ijumaa jioni binti alipoondoka, Fundi akabaki kufunga milango. Akavuta droo. Ikabana.

Lo! Akaivuta tena. Inatoka, lakini kwa kusitasita, upande wa kushoto umeshika. Akilini akamwona Mama Samani akivuta, akikunja uso, akisema hapana. Potelea mbali, akajisemea, randa kidogo tu nani atajua? Akapiga randa, akapaka nta ya mshumaa, droo ikateleza kama sabuni. Akaenda nyumbani akipiga mluzi. Mtu mzima, na akili zake timamu, akipiga mluzi!

Kesho yake, karakanani kwake, Mama Samani aliliweka kabati juu ya benchi la kazi. Akaligonga, akalipapasa, akaliinamia. "Na droo?"

"Inabana kushoto," Patasi akasema, kidevu juu. "Nimeiacha makusudi. Mvua zinanyesha, mbao imevimba. Ningeipunguza sasa, kiangazi ikikauka ingelegea, ikawa inacheza humo ndani."

Mama Samani akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu waingie. Akavuta. Droo ikachomoka yote, nusura imwangukie mguuni.

Akaigeuza, akaipeleka dirishani. Upande wa kushoto mbao ilikuwa nyeupe, imekwanguliwa juzijuzi, inang'aa nta. "Unaniambia inabana," akasema polepole, "na hujui hata kwamba imepigwa randa. Hili kabati umelitengeneza, au umetengenezewa?"

Patasi alimgeukia Fundi.

"Ni mimi," Fundi akasema. "Jana jioni. Nilidhani..."

"Ulidhani nini?" Binti alipaza sauti mpaka mafundi wa karakana wakazima mashine. "Mambo ya mbao na mvua nani alinifundisha? Si wewe mwenyewe, kwa mdomo wako?"

"Siku ile ulikuwa unabishana na wenzako. Nikadhani hukusikia."

"Nilisikia! Nasikia kila neno lako, hata matusi! Muda wote huu nakusikiliza, na wewe hukuniamini hata siku moja? Nimezoea watu kunishika mkono kama kipofu. Nikadhani wewe humo. Nina kitu kimoja duniani ambacho ni changu, Fundi. Kimoja! Na wewe umekitia mkono!"

Fundi alitaka naye kufoka. Maneno alikuwa nayo tele, kwamba halali usingizi kwa ajili yake, kwamba bila yeye asingekanyaga pale. Yakamfia mdomoni, maana alijijua. Randa ile hakumpigia binti. Aliipiga ili asiaibike yeye, ili leo apigwe bega aambiwe hongera, umefundisha. Hasira zote zikageuka zikamrudia mwenyewe.

"Mama," akasema, "mwanafunzi yuko sawa, mwalimu ndiye hovyo. Mpe mbao atengeneze droo nyingine hapa hapa, mbele yako."

"Nitampa. Ila wewe toka. Toka kabisa, huko uani, nisione hata kivuli chako."

Akafukuzwa hivyo, mbele ya mafundi wa umri wa watoto wake. Akasimama uani, manyunyu yanamlowesha. Kila aliposikia randa ndani, vidole vilimwasha. Alijitukana matusi yote anayoyajua, akamtukana na Mama Samani kidogo, kujiliwaza. Na katikati ya hasira zile akagundua kwamba anafurahi, akazidi kukasirika, maana huu si wakati wake. Lakini alifurahi. Binti aliyefika kituoni hana hata kitana cha kwake, leo alikuwa na kitu cha kugombania, na amekigombania mbele za watu kwa sauti ile. Tena amemgombeza mwalimu kwa somo la mwalimu mwenyewe! Fundi akafuta miwani, ikalowa tena.

Mlango ulifunguliwa jua likielekea kuzama. Patasi akatoka, nywele zimejaa vumbi la mbao, ameshika ile droo ya kwanza. Akamsukumia Fundi kifuani. "Hii yako. Uliimaliza wewe."

"Amesemaje?"

"Naanza Jumatatu. Chumba nimeonyeshwa." Hakutabasamu. "Na bado nimekukasirikia. Sana."

"Una haki."

"Najua nina haki."

Wakasimama pale kwenye manyunyu. Fundi akajizuia kadiri alivyoweza, akashindwa. "Ile mpya... inabana?"

"Inabana," Patasi akasema. "Na ukiigusa nakuvunja vidole."