Daktari Alipokalia Kiti

Siku majivu ya bomu la nyuklia lililojaribiwa na Waamerika yalipotuangukia kisiwani kwetu, Neitok alikuwa nje akianika mbata. Mdogo wake, Limeyo, alikuwa kisiwa cha mbali akifua nguo za wanajeshi wa Kiamerika. Neitok aliungua ngozi ya shingo, na nywele zikamtoka kwa mafungu. Limeyo hakupatwa na kitu. Tulihamishwa, tukakaa ugenini miaka mitatu, kisha tukaambiwa kisiwa chetu kimekuwa salama. Tuliporudi, Limeyo alirudi pamoja nasi, maana ardhi ile ilikuwa ya ukoo wa mama yao.

Tangu hapo meli ya madaktari ilikuja kila mwaka. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Kwa kuwa Neitok aliolewa na kaka yangu, wale dada wawili walikuwa mashemeji zangu, na walinitania wanavyotaka.

Ndani ya meli kulikuwa na chumba cha chuma chenye kuta nene, na ndani yake kiti kimoja. Mtu aliketi, mlango mzito ukafungwa, akawekewa muziki ili asiogope, na huku nje mashine ikapima mionzi inayotoka mwilini mwake. Madaktari walitugawa: walioangukiwa na majivu, na wasioangukiwa. Limeyo alikuwa kundi la pili. Alipimwa ili dada yake alinganishwe naye.

"Mimi ndiye mzima hapa," Limeyo alipenda kusema akitoka chumbani. "Nyinyi wengine ni wagonjwa wangu."

"Mzima wa mdomo," Neitok alimjibu.

Mwaka mmoja alikuja daktari mgeni, kijana mrefu aitwaye Hollis. Alipompima Limeyo aliitazama karatasi ya mashine, akamwomba akae tena. Baada ya mara ya pili akaniita.

"Mwambie sasa mionzi yake ni sawa na ya dada yake."

Nikamwambia. Limeyo akanikazia macho.

"Sawa vipi, shemeji? Mimi siku ile sikuwepo."

"Anasema ni chakula. Mionzi iko ardhini, mimea inainyonya. Imo kwenye nazi, kwenye uwanga tunaochimba, na zaidi kwenye kaa wakubwa wa minazi. Anasema ni kidogo, haitakudhuru, ila kaa usile."

"Kama ni kidogo, kwa nini nisile?"

Nilimtafsiria Hollis. Limeyo akaendelea kabla hajajibu.

"Muulize yeye anakula nini humu melini."

"Nyama ya kopo," Hollis alisema. "Na mkate."

"Na maji?"

"Tumekuja nayo."

Limeyo akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. "Basi mwambie aje ale kwangu mpaka meli iondoke. Kisha na yeye akae kwenye hicho kiti. Akikataa, mimi humu sikanyagi tena."

Nilidhani Hollis atacheka. Mkubwa wake kazini, daktari mzee aliyekuwa amesimama karibu, alimkataza palepale. Hollis alimsikiliza hadi mwisho, akavua viatu, akashuka kwenye boti akiwa amevishika mkononi.

Alikula kwa Limeyo karibu wiki nzima. Alikula shelisheli la kuchoma, uji wa uwanga, samaki, na tunda la mkadi lililomwachia nyuzi menoni hata akashindwa kuongea. Kaa alimvunja mwenyewe kwa jiwe, akajigonga.

"Shemeji, mwambie kidole hakiliwi," Neitok alisema, na nyumba nzima ikacheka, Hollis naye akacheka kabla sijamtafsiria.

Alipoanza kumuuliza Neitok habari za siku ya majivu, Neitok alimsogezea sahani. "Hayo wanayaandika kila mwaka. Leo mwambie ale tu."

Siku ya kuondoka tulirudi melini. Hollis aliingia chumbani, mlango ukafungwa. Muziki ulisikika kwa mbali. Alipotoka, mkubwa wake alikuwa ameikunja karatasi.

"Isome kwa sauti," Hollis alimwambia.

Yule mzee aliisoma, nami nikatafsiri. Mionzi ya mwilini mwa Hollis ilikuwa imepanda kupita alipopimwa safari ilipoanza. Ilikuwa chini sana ya ile ya Limeyo, lakini ilikuwa imepanda, kwa wiki moja tu.

Limeyo hakushangilia. "Muulize anasikiaje mwilini."

"Sisikii chochote," Hollis alisema.

"Hata mimi." Akanigeukia. "Ana mtoto?"

"Ana binti mdogo," nikamjibu baada ya kumuuliza.

"Muulize kama angemleta hapa, amlishe nilichomlisha yeye."

Nilitafsiri neno kwa neno. Hollis alimtazama mkubwa wake, kisha akaitazama sakafu.

"Hapana," alisema.

Hilo halikuhitaji mkalimani, lakini nililitafsiri hata hivyo, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mkubwa wake akaita mtu anayefuata.

Mwaka uliofuata Hollis hakuja. Niliuliza, nikaambiwa amepangiwa kazi nyingine. Limeyo naye hakuwepo. Alikuwa amepanda meli ya mbata na watoto wake kwenda Majuro, kisiwa chenye mji, akapanga chumba nyuma ya ghala. Madaktari walimfuata huko wakampima, na mionzi ilikuwa imepungua. Neitok hakutaka kuhama. Alisema mtu hawezi kuikimbia ardhi ya mama yake kwa ajili ya kitu asichokiona. Baadaye alipasuliwa uvimbe shingoni, na Limeyo ndiye aliyemuuguza.

Ilichukua miaka mingi mpaka kisiwa kizima kikakubali kuondoka. Tulivunja nyumba zetu wenyewe, tukapakia mbao na mabati. Neitok alikuwa kati ya wa mwisho kupanda. Hakulia. Alikaa juu ya mabati, ameupa mgongo ufuko, akaniomba nimtafutie kivuli.

Limeyo alikuja kwa boti kutupokea tulikoshushwa, na sufuria ya wali.

"Kula, dada," alisema. "Umebaki mifupa."

Neitok alionja. "Hauna chumvi," akasema, akaendelea kula.