Shamari Badala ya Bizari

Alhamisi hiyo bizari nyembamba ilikwisha jikoni kwa Rosnida, huko Payakumbuh, wakati mchuzi wa mbuzi umeshatiwa tui na haungoji mtu. Mdogo wake, Asnimar, akamrushia kifuko cha shamari.

"Tia hiyo. Zote mbegu, zote nyembambanyembamba. Marehemu atajuaje?"

Marehemu ni Zulbahri, mume wa Rosnida, ambaye tangu azikwe huja kula kila Alhamisi jua likizama. Hukaa mkekani, hula kimya, husema chumvi imezidi, huondoka. Sahani hubaki imejaa vilevile, ila chakula kimekuwa chapwa, na kuku ndio hukimaliza.

Siku hiyo aliingia akitabasamu. Akavua kofia, akanusa.

"Yeni wangu, leo umenipatia! Homa ya Fauzi imeshuka?"

Rosnida alibaki na upawa mkononi. Yeye hakuwa Yeni, na hawakujaliwa mtoto. Akadhani mzee amekosea nyumba, kama mgeni anavyokosea mlango.

"Imeshuka," alijibu, akampakulia.

"Alhamdulillahi."

Akala, akamtania, akasifu mikono yake, hata akaimba kidogo. Miaka yote ya ndoa Rosnida hakuwahi kujua kwamba mumewe huimba.

Alipoondoka, Rosnida akamfuata mdogo wake kwenye vyombo.

"Asni, Yeni ni nani?"

"Si yule wa Pekanbaru? Kule shemeji alikokuwa akipeleka vitambaa."

"Kumbe ulijua?"

"Uni, dada yangu, mji mzima ulijua. Tulidhani na wewe unajua, umeamua kunyamaza tu."

Rosnida akajaribu kukumbuka kama aliwahi kujua. Hakukumbuka, wala hakuwa na hakika kwamba hakujua.

Alhamisi iliyofuata akatia bizari. Zulbahri akaja na uso wake wa zamani.

"Uda, mume wangu, Fauzi ni nani?"

"Simjui. Chumvi imezidi."

Alimtazama mkewe bila kupepesa, na Rosnida hakuelewa kama anadanganya au amesahau kweli, maana wafu nao husahau. Akalala na swali, akaamka nalo.

Asnimar akarudi sokoni, akaleta bizari ya kutosha mwezi mzima. Ilipofika Alhamisi, Rosnida akafungua kopo, akaangalia, akalifunga. Akakaanga shamari.

Zulbahri akaja akiimba tangu ngazini. Alikula, akasimulia habari za mvua njiani, akamwita Yeni, na Rosnida akaitika, "Abee." Kisha Zulbahri akainua macho kwenye ukuta, palipotundikwa picha ya harusi yao, bibi arusi kijana amevaa taji kubwa la dhahabu.

"Huyu mwanamke ni nani?"

"Mwenye nyumba," alisema Rosnida, akamwongezea mchuzi.