Luseno Anyoosha Sauti ya Mkewe

Mashine ya kanda ya Luseno Opicho ilikufa Jumamosi asubuhi katikati ya kiitikio, na ilikufa kwa aibu. Ilitafuna utepe, ikautapika nje kama matumbo ya kuku, kisha ikanyamaza. Kwa miaka mingi mashine hiyo ndiyo iliyokuwa studio nzima ya ploti yao hapo Baba Dogo, kama unakubali kukiita studio chumba cha kulala ambacho kitanda chake kimesimamishwa ukutani. Ilikuwa na njia nne tu za kunasia sauti. Gitaa la Luseno lilichukua moja, besi yake ikachukua nyingine, kayamba ikapewa ya tatu. Ya nne ilikuwa ya mkewe, Marion, na kila mtu alijua kwamba watu walizivumilia zile tatu kwa ajili ya hiyo moja. Kila mtu isipokuwa Luseno.

"Sasa?" Marion aliuliza.

"Sasa tunahamia kwenye kompyuta," Luseno akajibu, kwa sauti ya mtu anayetangaza kugombea ubunge.

"Na harusi ya Vivian?"

Vivian alikuwa mdogo wake Marion, aliyelelewa na Marion tangu mama yao afariki. Harusi yake ilikuwa Njiru, mwezi uliofuata, na wao walikuwa wamemwahidi wimbo wa kuingilia ukumbini.

"Kwa kompyuta huo ni wimbo wa siku moja," Luseno alisema.

Alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda cha mabeseni ya plastiki. Huko kila mtambo mpya uliletwa kwa ahadi hiyo hiyo ya kurahisisha kazi, na kila mara yeye ndiye aliyechelewa kurudi nyumbani. Ungedhani amejifunza. Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Wakaenda Eastleigh, dukani kwa Keynan, aliyeuza kompyuta zilizokwisha tumika.

"Mzee, hii imetoka ofisi moja ya ng'ambo," Keynan alisema, akiipangusa kwa mkono wa shati. "Mwenyewe alikuwa mama mmoja. Hakuigusa sana."

"Alikuwa anafanya nini ofisini?" Marion akauliza.

"Mama, alikuwa likizo."

Wakainunua. Ilipowashwa nyumbani, feni yake ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi, ikabidi kompyuta ihamishiwe jikoni na nyaya zipitishwe chini ya mlango. Maiki ilifungwa kwenye mpini wa ufagio. Mbele yake Luseno akatundika soksi ya nailoni ya Marion, iliyovutwa juu ya henga ya nguo, ili pumzi zisivume. Kisha, kwa kuwa kuna mtu alisema hivyo mtandaoni, akabandika trei za mayai ukuta mzima. Trei hazikuzuia sauti hata moja ya karakana ya vyuma iliyokuwa jirani. Mende, kwa upande wao, walizipenda sana.

Programu ya kurekodia ilikuwa ya bure, na kwa wiki nzima ilijitahidi kuonyesha sababu. Marion alikuwa akiimba "tunakuja", halafu anamsikia masikioni mwanamke mwingine akisema "tunakuja" baada yake, kama muumini aliyesahau maneno ya wimbo. Luseno alibonyeza kila palipobonyezeka mpaka yule mwanamke wa pili akaondoka. Siku hiyo alitembea uani kifua mbele, akisubiri kuulizwa.

Matatizo yalianza hapo mambo yalipokaa sawa. Luseno aligundua kwamba kompyuta haikuwa na njia nne. Ilikuwa na njia kadiri unavyotaka. Akaweka gitaa. Akaweka gitaa lingine la kulifuata lile la kwanza, na la tatu la kuyaamua yakigombana.

"Nani anapiga haya magitaa yote?" Marion aliuliza siku moja.

"Mimi."

"Na nani atayasikiliza?"

Luseno alisema hayo ndiyo mambo ya kisasa. Kisha akagundua kifaa ndani ya programu ambacho kilionyesha sauti ya mwimbaji kama mstari, na mahali ambapo mstari ulitakiwa kupita. Mstari wa Marion ulipita ulipotaka. Kwenye noti ya juu ulikwaruza kidogo kabla ya kufika, na mwisho wa ubeti ulishuka polepole, kama mtu anayeketi baada ya kazi nyingi. Luseno akaushika kwa kipanya, akaunyoosha. Akaona umependeza. Akanyoosha wote, mwanzo hadi mwisho, akahifadhi juu ya ile rekodi ya kwanza, akaenda kunywa chai.

Jumapili Vivian alikuja baada ya ibada. Marion alikuwa anachagua mchele. Luseno akamkalisha bibi harusi kitini kwa heshima zote, akacheza wimbo.

"Shemeji, iko fiti kabisa," Vivian alisema ulipokwisha. "Lakini huyu ni nani anaimba? Dada alikataa?"

Luseno akacheka. Alikuwa peke yake katika kicheko hicho.

Marion aliweka ungo chini. Akavaa vipokea sauti, akasikiliza wimbo wote bila kupepesa macho.

"Anaimba vizuri," alisema. "Umemtoa wapi?"

"Ni wewe, Mama Tobias. Nimekunyoosha kidogo tu."

"Umeninyoosha."

"Kidogo."

"Pole, Baba Tobias. Kumbe miaka yote hii umeishi na mtu aliyepinda."

Akarudi kwenye mchele wake. Vivian akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali.

Marion hakugomba. Kama angegomba, angalau Luseno angepata pa kujitetea. Alipika kama kawaida, akampa maji ya kuoga, akamuuliza habari za kazi. Ila hakuimba. Hakuimba akifua, hakuimba akikoroga uji, hakuimba hata akipanda ngazi, ambako zamani majirani walimtambua kabla hajafika mlangoni. Luseno alikuwa hajawahi kuishi katika nyumba hiyo bila sauti ile. Sasa alisikia feni ya kompyuta, nyundo za karakana, na mende.

Akaenda kuirudisha rekodi ya kwanza. Haikuwapo. Akatafuta kila mahali, pamoja na sehemu ambazo alijua wazi kwamba haziwezi kuwa na kitu. Fundi wetu wa kisasa alikuwa ameifuta kwa mkono wake mwenyewe, tena akijipongeza.

Harusi ilipobaki siku chache, alimfuata Marion jikoni.

"Ile ya kwanza nimeifuta," alisema. "Haipo tena."

"Basi tumieni huyo mwingine. Amenyooka."

"Vivian hamtaki. Mimi pia simtaki."

Marion aliendelea kukata sukuma wiki. "Kwa nini ulinifanyia hivyo?"

Luseno alikuwa ameandaa maelezo marefu kuhusu viwango vya kimataifa. Alimtazama mkewe, akayaacha.

"Nilitaka watu waseme Luseno ni fundi," alisema. "Wakikusikia wewe, hakuna anayeniona."

Marion akaacha kisu. Alimwangalia kwa muda, kama mtu anayeangalia beseni kujua kama ni la kutupwa au linazibika.

"Nitaimba mara moja," alisema. "Hapa hapa jikoni, nimesimama. Wewe utapiga gitaa moja, wakati huo huo, uso kwa uso na mimi. Vidole vyako viwe kwenye nyuzi, visiguse kipanya."

Wakafanya hivyo. Kompyuta ilihamishiwa chumbani na feni yake, maiki ikaletwa kwenye ufagio wake. Karakana ilikuwa imesimama kwa chakula cha mchana. Marion akaimba. Alipofika kwenye noti ya juu sauti ikakwaruza, ikashikilia, ikapanda, na Luseno, aliyekuwa ameusikia wimbo huo mara nyingi akitazama mstari, akausikiliza. Alisikiliza kiasi kwamba alisahau kuhamisha vidole kwenye nyuzi, gitaa likaachwa nyuma hatua nzima.

"Turudie," alisema walipomaliza. "Nimekosea pale."

"Acha," Marion akasema. "Nani amekwambia lazima uwe umenyooka?"

Huko Njiru, wimbo ulipoanza, Vivian alisimama mlangoni pa ukumbi, akaishika mikono ya mumewe mtarajiwa kwa nguvu, akalia mpaka vipodozi vikashuka shingoni. Aliingia hivyo hivyo, akicheka na kulia, na shangazi wote wakamfuata kwa vigelegele.

Baadaye, watu wakiwa kwenye chakula, Mzee Wamalwa, ami yake bwana harusi, aliwasogelea na sahani yake.

"Nimeambiwa mnarekodi nyumbani," alisema. "Mimi pia Mungu amenipa kipaji."

Akaweka mkono kifuani, akafumba macho, akaimba ubeti mzima. Watoto waliokuwa karibu walinyamaza. Mbwa mmoja akahama.

Marion alitabasamu kwa adabu zote anazostahili mkwe, akamgeukia mumewe.

"Baba Tobias," alisema, "ile programu bado iko?"

Luseno akasema iko, ila kwa hali hii huenda wakalazimika kurudi kwa Keynan kutafuta kompyuta yenye nguvu zaidi.