Mapaa ya Butihinda

Yasmina wa Musinzira, pale Gitega, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Mpe chai, atauliza majani yalichumwa wapi. Ndiyo maana mradi wa kugawa ng'ombe kwa kaya maskini ulipotafuta wakaguzi wa kwenda Muyinga, yeye alichukuliwa haraka. Sheria ilikuwa nyepesi: nyumba yenye mabati si ya maskini, haipati ng'ombe.

Basi alipoingia Butihinda, huko Muyinga, alisimama njiani, mdomo wazi. Nyumba za matofali, kuta nzima, madirisha yapo, juu mbao tupu. Si nyasi, si mabati. Upepo? Mbona migomba imesimama wima, hata jani halijachanika? Jamani, upepo gani huu unaochagua!

Alibisha kwa Anisia, mjane aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania akarudi na wanawe. Watoto walikuwa wamejikunyata chini ya turubai, na wingu zito lilikuwa linasogea.

"Mama, paa iko wapi?"

"Limeharibika. Lilikuwa la zamani."

Yasmina akaangalia mbao za juu. Matundu ya misumari yalikuwa bado meupe. Akacheka, hakuweza kujizuia. "Mama, mi si polisi. Mi nataka kujua tu. Alors, uzee inajua kung'oa misumari?"

Anisia alitazama wingu, akatazama watoto, akakata tamaa ya kudanganya. Akampeleka nyuma ya nyumba, akafunua majani ya migomba. Mabati yalikuwa yamelala pale, yamepangwa vizuri.

"Tulisikia mwenye mabati hapati ng'ombe," alisema, hasira ikizidi aibu. "Mabati tulipewa tuliporudi, kila familia. Shamba hatukupewa. La baba nimekuta wengine wanalilima. Nalima la jirani, limechoka, bila samadi halitoi kitu. Sasa niambie, dada, bati linapikwa vipi?"

Yasmina akatoa simu. Moyo ulimuuma, maana asubuhi tu alikuwa anaisifu sheria ile. Akampigia mkuu wake, Nazario, aliyebaki Gitega.

"Shefu, nani alisema bati ni utajiri?"

"Ni mi. Kwani si kweli? Kwetu Bukirasazi, mwenye mabati ndiye mwenye mashamba."

"Mais huku waligawiwa! Wamevua paa zote shefu, ju ya ng'ombe yako, na mvua iko inakuja. Watoto iko chini ya turubai. Tuulize shamba, tusiulize paa."



"Donc watoto watalowa sababu yangu," alisema Nazario. "Waambie warudishe. Swali nabadilisha leo. Waambie sasa hivi, Yasmina, usingoje barua."

Anisia hakungoja kuambiwa mara mbili. Alimpigia jirani kelele, "Rudisheni! Wataangalia shamba!" na jirani akamfikishia mwenzake. Kisha akapanda ukutani na nyundo, Yasmina akijifunga kanga kiunoni na kumpokeza mabati, simu ameitupa ndani ya ndoo bila kuikata. Nyundo ya jirani ikaitikia, ikafuata nyingine bondeni, na nyingine, hadi mlima mzima ukawa unagongwa, na matone ya kwanza yakaanza kudondoka.

"Allô? Allô?" Nazario alipiga kelele kwenye ndoo. "Ni kelele gani hiyo?"

"Ni paa uliyovua, shefu," Yasmina akamjibu, bati mikononi. "Zote."