Gari-Nyumba Lililogonga Baada ya Baridi

Tangu nilipouza ng'ombe wangu, zizi langu hulaza magari. Ni yale magari-nyumba yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambayo watu wa mkoa wetu wa Pohjanmaa, huku kaskazini kwenye theluji, huzunguka nayo kiangazi kizima. Theluji ikikaribia wananiletea, tunayapanga ubavu kwa ubavu pale walipokuwa wakisimama ng'ombe, nami nafunga mlango hadi theluji ianze kuyeyuka.

La jirani zangu, Taisto na mkewe Kerttu, lilikuwa la kwanza kutoka kila mwaka. Taisto alikuwa fundi wa mashine za kukatia miti msituni, na kelele za mashine hizo zilimla masikio kidogo kidogo. Vuli iliyopita homa kali ikaja kumalizia kilichobaki. Alitoka hospitali hasikii hata mlango ukibamizwa nyuma yake. Kusema aliweza, lakini hakuweza kuipima sauti yake mwenyewe. Mara anapiga kelele dukani, mara ananong'ona, na watu wanageuka kumtazama. Basi akanyamaza. Majira yote ya baridi alikaa dirishani kwake, na neno moja tu ndilo lililotoka kwake kuhusu gari: liuzwe.

Kerttu hakumbishia. Alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote, na Jumapili anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa. Si mwanamke wa makelele. Ila asubuhi moja, theluji ikiwa imebaki upande wa kaskazini wa zizi tu, nilimwona anakuja njiani akisukuma toroli lenye betri.

"Raili, nifungulie mlango," akaniambia.

"Taisto yuko wapi?"

"Yuko dirishani, anatazama ndege wa mitini. Mwache."

"Na wewe kufunga betri unajua?"

"Nyekundu kwa nyekundu. Mimi nimeolewa na fundi, jirani, sikuolewa na padri."

Akaifunga vizuri kabisa. Kabla ya kuwasha alifungua boksi la chujio la hewa, akakuta panya wamejenga humo nyumba nzima ya manyoya na mbegu. Akaitoa, akaitazama kidogo, akasema wamejitahidi. Kisha akapanda, akawasha.

Injini ilikohoa, ikashika. Mkanda wa injini ulipiga kelele kama nguruwe aliyekanyagwa, halafu ukanyamaza, tukatabasamu. Ndipo kukaja kugonga. Ko, ko-ko, ko. Sauti nzito, kavu, kama mtu aliyefungiwa ndani anabisha. Kerttu akazima papo hapo, akabaki ameshika usukani.

Kaka yake, Jalmari, anakaa ng'ambo ya barabara. Aliendesha lori la maziwa mpaka alipostaafu, na hakuna gari linalowashwa kijijini hapa bila yeye kuja kulitolea hukumu. Alifika mikono mfukoni, akamwambia dada yake awashe tena kidogo, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Hiyo injini imenoki, dada. Beringi za chini zimekwisha. Ukizidi kuiwasha itatoboa tumbo."

"Una hakika?"

"Nimeshazika injini ngapi mimi? Nimpigie simu mtu wa vyuma chakavu, aje alichukue. Na hata kama lingepona, utakubali kuendeshwa na kiziwi?"

Kerttu akashuka, akafuta mikono kwenye koti. "Wewe unasikia vizuri kabisa, Jalmari, na siku ya harusi yangu ulituingiza mtaroni."

Jalmari akacheka, lakini msimamo wake haukubadilika. Kerttu akashika njia ya nyumbani. Nilidhani ameenda kulia peke yake, nami ningemwelewa.

Alirudi na mumewe. Taisto alikuwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia, na buti hazijafungwa kamba. Baadaye Kerttu alinisimulia jinsi alivyomtoa. Alisimama kati ya Taisto na dirisha ili mumewe aweze kumsoma midomo, akamwambia: gari linagonga, Jalmari anasema limekufa. Taisto akauliza, "Nani anasema?" Akajibiwa tena, Jalmari. Akainuka kutafuta buti.

Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye injini, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua oili kati ya vidole na kuipeleka kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa anatafuta chembe za chuma, zile zinazometameta beringi zikisagika. Hakuziona. Akamwelekeza Jalmari apande awashe, kisha akaweka kiganja juu ya injini na kufumba macho.

Alikaa hivyo muda. Akachukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha yake huku na kule kwenye injini na mpini akauegemeza kwenye taya. Mwisho akatikisa kichwa.

"Nasikia yote kwa pamoja," alisema. Sauti ilikuwa kubwa mno, kuku wangu wakakimbia. "Imekuwa kama uji. Sijui kipi ni kipi. Kerttu, linasemaje?"

Kerttu akamwambia kwa midomo: ko, ko-ko. Taisto akamtazama mdomo, akamtazama tena. Neno lile midomoni halikumwambia kitu. Niliona uso wake unaanza kujifunga, ule uso wa dirishani, nikajua sasa hivi atageuka arudi nyumbani.

Aligeuka kweli, lakini ni mgongo tu aliompa mkewe. "Nigongee hapa," akasema. "Vile unavyosikia. Usiongeze, usipunguze."

Kerttu akakunja ngumi, akaanza kumgonga kati ya mabega. Taratibu, akiwa ameinamisha kichwa kama anavyofanya kanisani akingoja sauti yake iingie. Taisto akarudisha kiganja cha kushoto juu ya injini, na kwa mkono wa kulia akawa anapiga kwenye bodi ya gari mapigo ya injini aliyoyahisi. Mimi nilisimama pembeni nikiwatazama. Mapigo mawili, la mke na la mume, na katikati yao ule mlio wenyewe.

"Kanyaga mafuta," Taisto akampungia Jalmari.

Injini ikapanda. Mkono wa Taisto ukaenda mbio pamoja nayo. Ngumi ya Kerttu ikaharakisha kidogo, ikaruka pigo, ikarudi, ikaruka tena.

"Mimi na injini tuko hapa," Taisto akasema. "Wewe uko kule. Hatuendi pamoja."

Kerttu akamzunguka ili Taisto aione midomo yake. "Mimi nagonga ninachokisikia. Usinifundishe mapigo."

"Najua. Ndiyo raha yenyewe hiyo." Na hapo akatabasamu, mara ya kwanza tangu vuli. Akatueleza, sauti ikipanda na kushuka kama redio mbovu: beringi za chini zikifa, kugonga kwake hufuata mzunguko wa injini bila kukosa hata pigo moja. Hiki kinachogonga kinajikwaa. Kwa hiyo si injini. Ni kitu kilichoning'inia juu yake, kinachovutwa na mkanda. "Zima. Tuuvue mkanda."

Jalmari akatoa kichwa kwenye dirisha la gari. "Pampu ya maji inazungushwa na huo huo mkanda. Utaichoma hiyo injini."

Taisto alikuwa amemsoma midomo. "Tunawasha muda wa kukohoa tu, shemeji. Kisha unazima."

Mkanda ukavuliwa. Kerttu akarudi nyuma yake, ngumi tayari. Jalmari akawasha. Injini ikaunguruma, na ngumi ya Kerttu ikabaki imesimama hewani. Taisto alingoja pigo. Halikuja. Akageuka kuona kuna nini.

"Mbona umeacha?"

"Hakuna cha kugonga," Kerttu akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya vidole. Taisto alizungusha kwa mkono kila puli, vile vigurudumu vinavyopitisha mkanda, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua nyanya. Alipofika kwenye ile inayoukaza mkanda akasimama. Akanishika kidole akakiweka pale. "Zungusha." Nikazungusha. Ilikuwa kama kuna mchanga ndani, na mkono wa chuma unaoishikilia ulikuwa unacheza huku na huku. Unyevu wa baridi uliingia kwenye gololi zake gari likiwa limesimama, grisi ikakauka, kutu ikashika. Injini ilipowashwa, mkono ule uliolegea ukawa unajipigiza kwenye chuma cha injini.

Jalmari alishuka, akaizungusha puli na yeye. Aliizungusha muda mrefu. "Mimi ningelizika gari zima kwa sababu ya kitu hiki," akasema, kisha akatoa funguo zake, akaenda mjini kutafuta nyingine bila mtu kumtuma.

Tukamngoja zizini. Nilileta kahawa na mikate ya mdalasini, tukakalia ndoo za maziwa zilizopinduliwa. Taisto akaanza kuzungumza. Alizungumza kuhusu msitu, kuhusu mashine moja iliyokuwa ikigoma kila Jumatatu, kuhusu panya. Sauti ilipozidi, Kerttu alishusha kiganja taratibu mpaka gotini kwake, naye akaishusha. Ilipopotea kabisa, kiganja kiligeuka na kupanda. Hawakuwa wamewahi kufanya hivyo; waliivumbua ishara hiyo pale pale mbele yangu, na kufikia kikombe cha pili walikuwa hawaifikirii tena. Nimewajua watu wenye masikio mazima, wameishi nyumba moja miaka na miaka, hawajawahi kusikilizana namna ile.

Jalmari alirudi, puli ikafungwa, mkanda ukavutwa. Safari hii Kerttu hakukunja ngumi. Aliweka kiganja wazi mgongoni mwa mumewe, akakiacha hapo, injini ikinguruma sawasawa. Taisto akangoja. Akaendelea kungoja. Halafu akapangusa mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja, asiuonyeshe uso wake kwa yeyote.

Waliondoka kabla majani ya miti hayajafunguka vizuri, kuelekea kaskazini, bahari ya upande wa Norwe. Kerttu ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alisema anataka kujifunza njia nyembamba za kule, na Taisto hakubisha. Jalmari aliwasimamisha barabarani ili akague hewa ya matairi ambayo alikuwa ameshaikagua jana yake.

Kerttu alinipigia simu baada ya juma au zaidi. Nyuma yake nilisikia upepo, na sauti kubwa ya Taisto ikimwelekeza mtu.

"Mko salama?" nikamuuliza.

"Salama kabisa, ila sina mume tena. Kuna Wajerumani wameegesha karibu yetu, jenereta yao inatoa mlio wasiouelewa. Wamemchukua tangu asubuhi."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nafanya nini tena, Raili? Ngoja, ananiita. Anataka mgongo wake ugongwe."